Waride na Kamba wa Pimio

Kila mwaka masika yalipoingia, kijiji chetu cha Chapani kilikuwa kikihama. Watu walifunga milango kwa nje, wakapakia watoto, kuku na majembe ndani ya mitumbwi, wakapanda mto hadi diko la Kikale, na kutoka hapo wakatembea kwa miguu mpaka Mtunda. Huko walilima mashamba ya wenzao ili wapate chakula. Mvua zilipokatika walirudi wamekonda, wakakuta nyumba zimeota ukungu na mbuzi wa mwitu wamelala jikoni.

Mgeni angeshangaa kusikia kwamba tulikuwa tukikimbia wakati wa neema. Masika ndiyo majira ya kamba. Maji ya mvua yakishuka kutoka bara na kukutana na maji chumvi katika vijito vya mikoko, kamba huwa wengi hata ukichota maji ya kuoga unawakuta ndani ya kata. Lakini jua hakuna. Kamba aliyevuliwa leo, bila jua, kesho ananuka, kesho kutwa hata kunguru hamtaki. Tulijaribu kuwabanika. Moshi wa kuni mbichi uliwageuza weusi na wachungu, na wiki haikupita wakajaa vidudu. Basi tukaiacha mali ndani ya maji tukaenda kuomba kazi ya jembe. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyelibadili jambo hilo ni mwanamke mmoja, Waride binti Mfaume. Yapata miaka ishirini sasa, maana yalikuwa mambo ya kabla ya vita vya pili, wakati Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akikaa Utete na majumbe wakimpelekea habari kwa mtumbwi. Nimelifikiri jambo lake miaka yote hiyo, na bado sijaacha kustaajabu.

Waride hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na mikono iliyochanikachanika kwa chumvi. Mumewe alimwacha akaenda zake Mafia, na mtoto hawakupata. Alikaa na mama yake, Bi Mwanamkuu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa na macho yake yakiona vivuli tu. Mimi nilimfahamu vizuri kwa sababu nilikuwa napiga kafi katika mtumbwi wa Bwana Fazal, mwenye duka pale Kibiti. Mtumbwi huo ulishusha unga, nguo na mafuta ya taa kwa wakata boriti, ukapandisha boriti na chumvi. Kwa hiyo hata masika, wakati Chapani ilipokuwa tupu, mimi nilipita hapo kila baada ya siku nane au kumi.

Kazi ya Waride ilikuwa kupika chumvi. Wakati wa kiangazi, nyuma ya mikoko, kuna mahali peupe pasipoota kitu, tunapaita jangwa. Wanawake hukwangua udongo wa juu, huutia ndani ya kikapu kirefu kilichotundikwa, huumwagia maji, na yale yanayochuruzika chini ndiyo hupikwa mpaka ibaki chumvi. Ugumu wa kazi ni kujua kama maji yamekolea. Yakiwa hafifu, utamaliza kuni na chumvi usiione. Basi huchukuliwa kamba mmoja mbichi, hutupwa ndani. Akizama, maji bado. Akielea, washa moto. Na kwa kuwa moto huwashwa pale pale, mara nyingi kamba yule huivia humo humo kabla hajatolewa.

Kamba huyo aliitwa pimio, na alikuwa na miiko yake. Hakurudishwa mtoni, maana ilisemwa angewakimbiza wenzake. Hakutupwa nchi kavu. Alitungwa kwenye uzi wa ukindu pamoja na mapimio mengine, na mtungo ukaning'inizwa juu ya jiko, kwenye moshi, ukae hapo mpaka uoze wenyewe. Wala hakuliwa. Aliyekula pimio, damu yake ingekauka kama maji ya chunguni, na bamvua ya pili, yale maji makuu ya mwezi, isingemkuta hai. Kila nyumba ya mpika chumvi ilikuwa na mitungo hiyo darini. Tulizaliwa tukaikuta.

Masika ya mwaka uliotangulia, Waride alimpeleka mama yake Mtunda kama watu wote. Kutoka Kikale wanaume wanne tulimbeba kwenye machela katika mvua, na utelezi ulituangusha mara mbili. Huko Mtunda aliwekwa katika kibanda cha kulindia shamba na nguruwe wa mwitu. Akaacha kula. Kila asubuhi aliuliza kama maji yamejaa au yametoka, na hakukuwa na maji ya kumjibu. Alirudi Chapani mifupa mitupu, akamwambia binti yake:

"Mwakani usinibebe, Waride. Mimi si boriti. Kama ni kufa, nife ninasikia maji yangu."

Waride akamwahidi. Mtu akimwahidi mama yake kitu cha namna hiyo, amejifunga. Ama apate njia ya kula masika mazima mahali pasipo jua, pasipo shamba na pasipo watu, ama amwue kwa njaa au kwa safari ya machela.

Mvua zilipoanza, watu walipakia mitumbwi, na Waride hakupakia. Jumbe Muhidini, mdogo wa marehemu baba yake, alikwenda mwenyewe mlangoni kwake. Mimi nilikuwa hapo nikisubiri abiria.

"Mtumbwi wa mwisho unaondoka," Jumbe alisema. "Mvike mama yako nguo."

"Haendi, baba mdogo. Nami siendi."

"Mtakula nini?"

"Wanachokula mamba."

"Mamba hana mama kiwete." Akapunguza sauti. "Na akifa je? Kijiji kitupu. Nani atamwosha, nani atamchimbia? Utamfukia kwenye matope kama kaa?"

Sauti ya Bi Mwanamkuu ikatoka ndani. "Shemeji, nakusikia. Iliyokufa ni miguu, masikio bado."

Watu waliokuwa ndani ya mitumbwi wakacheka, lakini Jumbe hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Aliamuru nusu kanda la mahindi lishushwe liachwe mlangoni, na tulipokuwa tukipiga kafi kuondoka aligeuka nyuma mara nyingi kuliko wote.

Nilipopita mara ya kwanza, niliwakuta salama. Waride alikuwa anatanda kamba kwa kaniki. Kazi hiyo ni ya watu wawili, kila mmoja na ncha zake, lakini yeye alifunga ncha mbili kwenye mizizi ya mkoko akashika mbili, akavuta mpaka kiunoni mwa maji. Walikula kamba wabichi wa siku hiyo na mahindi kidogo. Nilipopita mara ya pili, mahindi yalikuwa yamefika chini ya kanda, na Bi Mwanamkuu alikuwa na homa ya tumbo kwa kula kamba watupu. Ilibaki chumvi tu, makanda manne ya kazi yote ya kiangazi. Waride aliniomba nikipita tena niyapeleke kwa Bwana Fazal, nimletee unga. Kwa bei ya chumvi ya siku zile, unga huo ungewafikisha mwezi mmoja. Masika yalikuwa yamebaki miezi miwili na nusu. Sikumwambia, naye alikuwa anajua.

Safari ya tatu nilimkuta amekaa kizingitini, mikono kichwani. Nikadhani yule mzee ametutoka. Kumbe alikuwa ndani, anaimba.

Akanisimulia. Siku sita nyuma alikuwa mtoni. Mama yake alisikia njaa, akajivuta mpaka jikoni, akapapasa kwa fimbo juu ya uchaga akitafuta kipande cha muhogo kilichokuwa kimesalia. Fimbo ikanasa uzi, mtungo ukamwangukia mapajani. Yeye haoni. Alinusa, akasikia harufu ya kamba, akadhani ni kitoweo alichowekewa. Waride aliporudi alikuta maganda yamezagaa kwenye kanga ya mama yake, na mtungo wa mapimio ya kiangazi, ya miezi saba nyuma, umebaki uzi mtupu.

Alipiga magoti, akamwosha mama yake miguu, akamwomba msamaha.

"Nikusamehe nini?" Bi Mwanamkuu alimwuliza. "Kwa kamba watamu?"

Tangu hapo Waride hakulala. Alikuwa akimshika mama yake mkono aone kama umeanza kukauka. Bamvua ya kwanza ilikuja usiku ule ule, maji yakafika chini ya mlango, yakatoka. Hakuna kilichotokea. Ila homa ya tumbo ilikwisha, na asubuhi ya siku ya nne mama yake aliamka akauliza kama wale kamba walikuwa wamekwisha wote.

Bamvua ya pili, ile ya kuua, ilikuwa bado siku nane. Waride hakuingoja. Aliinuka pale kizingitini, akaingia ndani, akatoka na mtungo mwingine. Ulikuwa wa kiangazi cha mwaka juzi. Nilirudi nyuma nilipouona ule uzi, siwezi kukataa. Kamba wale walikuwa wekundu wa kahawia, wakavu, wagumu kama kucha. Hakuna aliyetobolewa na mdudu. Hakuna aliyeoza. Nyumba nzima ilikuwa inatiririka maji ya mvua na nguo zetu zilikuwa na ukungu, na wao walikuwa vile vile.

"Tulisema wakae mpaka waoze," Waride alisema. "Mshamu, wewe umewahi kuona pimio limeoza?"

Nilifikiri. Nilifikiri nyumba zote nilizoingia tangu utotoni, na madari yake yote. Watu wa Chapani walikuwa wamepakia watoto wao mvuani vizazi kwa vizazi, kwa sababu kamba hawakai, na kamba waliokaa walikuwa wamening'inia juu ya vichwa vyao wakiwatazama wanavyofunga milango.

Waride alimenya mmoja akamla mbele yangu. Alitafuna polepole, machozi yakimtoka, sijui ni ya hofu au ya nini.

Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia wapika chumvi hushika midomo. Alichukua makanda yake manne, ambayo nilikuja kuyachukua, akaanza kuyamwaga ndani ya chungu kikubwa cha maji. Kanda la kwanza. La pili. Nilikuwa nimesimama na mikono yangu miwili haina kazi. Mimi si msemaji, lakini hapo nilisema.

"Dada Waride, hiyo chumvi ndiyo unga wako."

"Unga wa mwezi mmoja," akajibu. "Mimi nataka wa masika."

Alimwaga yote. Alitupa kamba mmoja mbichi. Akazama, akapanda, akaelea. Ndipo akawasha moto, maji yakachemka, akatia kamba wa kikapu kizima. Nilimwachia unga wangu wa njiani nikaondoka, na safari nzima nilikuwa nahesabu siku.

Wale wa kwanza waliharibika. Aliwarundika juu ya uchaga kama wanavyorundikwa samaki, na wa katikati wakaota ukungu. Alipowatazama akakumbuka kwamba mapimio hayakurundikwa, yalitungwa, kila mmoja na nafasi yake ya moshi. Akakaa chini yeye na mama yake. Bi Mwanamkuu hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Vidole vyake vilikuwa vinatunga kamba mmoja mmoja kwenye uzi wa ukindu kama mtu anayevuta tasbihi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na kazi. Moto ulikuwa mdogo, wa makumbi ya nazi, usiozimika. Maji ya chumvi hayakumwagwa. Yalipikia kikapu baada ya kikapu.

Bamvua ya pili ilipita bila mtu kufa. Nilipofika siku mbili baadaye, dari yote ilikuwa nyekundu.

Nilichukua kikapu kimoja mpaka Kibiti, mwendo wa kutwa kutoka Kikale, nikiwa nimekifunika kwa jani la mgomba. Bwana Fazal alikuwa kwenye mizani.

"Mshamu, mbona unakikumbatia hicho kikapu kama mwari? Kina nini?"

"Kamba."

"Kamba wa masika? Kiache nje tafadhali, nina wateja."

Nilitaka kumweleza, maneno yakanikwama, kama kawaida yangu. Nilikuwa nakaribia kutoka nacho. Mkewe, Bi Khairunissa, alikuwa amezaliwa Mohoro na aliwajua kamba kuliko mumewe. Alitoka nyuma ya pazia, akafunua jani, akavunja mmoja kwa vidole. Tukasikia sote mlio wake, kama kuni kavu. Alijaza upande wa nguo yake akarudi ndani, na haukupita muda duka lote likajaa harufu ya nazi na bizari. Bwana Fazal aliletewa sahani pale pale mbele ya wateja. Alikula akiwa amesimama, akapangusa sahani kwa mkate.

"Nani kawapika?"

"Waride wa Chapani."

"Yule wa chumvi? Mwambie aache chumvi, apike hawa."

"Bila chumvi atawapika kwa nini, baba Zera?" Bi Khairunissa alimwuliza mumewe kutoka ndani, na wateja wakacheka.

Ni yeye aliyesimamia nilichopewa: magunia mawili ya unga, mchele wa uji wa Bi Mwanamkuu na kanda la chumvi juu yake. Alitaka kikapu kama kile kila safari. Nilipofikisha mzigo ule Chapani, Waride aliutazama ukishushwa gunia kwa gunia, akaingia ndani akamnong'oneza mama yake. Nilisikia Bi Mwanamkuu akisema alhamdulillahi, mara tatu.

Watu waliporudi kutoka Mtunda waliuona moshi kutoka mbali, wakaacha kupiga kafi. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa nje kwenye kitanda, mashavu yamemjaa. Wao walikuwa wembamba. Nilidhani watafurahi. Lakini habari ya pimio ilipojulikana, furaha ilikatika. Wanawake wengine walivuta watoto wao mbali na nyumba ile. Jumbe Muhidini alisema mwiko umevunjwa na mtoni hapatakalika, na akamzuia Waride asikanyage jangwani mpaka wazee wakae. Bila jangwa hakuna chumvi, na bila chumvi masika yajayo machela yangerudi mlangoni pale pale.

"Kamba watakimbia," Jumbe alisema.

"Shemeji," akasema Bi Mwanamkuu, "ingia mtoni utazame kama wamekimbia. Ila uvue kanzu, watakuingilia."

Wazee walikaa. Maneno ya wanaume yalizunguka pale pale, mpaka akaitwa Bi Mwanabaraka, mkongwe wa wapika chumvi wote, ambaye alikuwa amejifunza kwa bibi yake na bibi yake kwa mama yake. Mambo ya pimio yalikuwa mikononi mwake. Waride aliketi mbele yake ameinamisha kichwa. Bi Mwanabaraka aliomba apewe mmoja. Alimgeuza, akamnusa.

"Bibi yangu alikuwa akituchapa tukigusa mtungo," akasema. "Sikuwahi kumwuliza sababu. Tulikuwa wajukuu kumi na mmoja, na kamba wa kupimia ni shida kumpata kiangazi. Sasa najiuliza kama yule mzee hakuwa anatuficha kitoweo chake."

Akamtia kinywani. Alipomaliza kutafuna alisema Waride arudi jangwani, na yeye mwenyewe angekwenda naye kesho yake akaone mahali pa kukata kuni.

Haikuwa rahisi hivyo kwa wote. Masika yaliyofuata zilibaki nyumba tatu tu, nyingine zikahama kama zamani. Yaliyofuata zilibaki kumi na nne, na moja ilikuwa ya Jumbe, kwa kuwa mkewe alikataa kupakia. Waride hakumficha mtu kitu. Aliyekuja kuuliza alionyeshwa, na mchoyo wa kuni alikaripiwa na Bi Mwanamkuu kutoka kitandani, maana aliweza kujua kwa harufu moto wa nani umefifia. Nilipita na mtumbwi katika mvua nikaona moshi ukitoka kwenye mapaa niliyozoea kuyaona yamekufa, nikapunguza kafi bila kujua.

Bi Mwanamkuu alifariki masika hayo, siku ambayo mvua haikupumzika. Nilifika asubuhi na mtumbwi wa mzigo nikakuta watu wamejaa barazani. Ndani, wanawake saba walikuwa wakimwosha. Wanaume walichimba kwenye kilima cha mchanga, mahali ambapo bamvua haifiki, lakini maji ya mvua yaliingia kwa pembeni, na Jumbe Muhidini alikuwa mwenyewe ndani ya kaburi, amekunja kanzu, anayatoa kwa kata akikataa kupokelewa.

Waride alikuwa amekaa mlangoni, kanga kichwani. Nilisimama mbele yake.

"Mshamu," akaniambia, "nimeshindwa kuwaona vizuri. Ni wangapi waliokuja?"

Niligeuka nikawahesabu pale kwenye mvua, waliokuwa barazani, waliokuwa kaburini, na waliokuwa wanashuka kwenye mitumbwi kutoka vijito vya jirani. Nikamwambia ni thelathini na wanane.

Akairudia hesabu ile kwa sauti yake ndogo, kama mtu anayejifunza neno. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia.